Wahitimu watano kwa mwaka: hesabu inayofunga masomo Ohio

Katika jimbo la Ohio, Marekani, programu ya shahada ya kwanza inayotoa wahitimu wasiofika watano kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitatu, sasa inafutwa kwa amri ya sheria. Chuo hakiulizwi somo hilo lina faida gani, wala mwalimu wake ni hodari kiasi gani. Kinaulizwa idadi. Ikiwa chini ya tano, chuo kinafunga programu hiyo, au kinamwandikia mkuu wa elimu ya juu wa jimbo kuomba isamehewe.

Kifungu hicho kimo ndani ya Muswada wa Seneti Namba 1, ambao Gavana Mike DeWine aliutia saini Machi 28, 2025 na ukaanza kutumika mwishoni mwa Juni mwaka huo. Ni kifungu kifupi kwenye sheria ndefu, na muswada ulipokuwa bungeni si wengi waliokikalia kikao. Makelele yalikuwa kwenye vifungu vingine: kufutwa kwa ofisi za utofauti, usawa na ujumuishi, kupigwa marufuku migomo ya wahadhiri, na kile profesa anachoruhusiwa kusema darasani kuhusu siasa. Yote hayo ni mazito. Lakini mimi naona hiyo tano ndiyo itakayobadilisha sura ya vyuo vikuu vya umma kwa muda mrefu zaidi, na msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kuifuatilia.

Tuanze na namna muswada ulivyopita, kwa sababu njia yake inaeleza mengi.

Bunge la Ohio hukaa Columbus. Lina maseneta 33 na wawakilishi 99, na mabaraza yote mawili yameshikwa na chama cha Republican kwa wingi mkubwa. Seneta Jerry Cirino alileta muswada wa kwanza wa aina hii Machi 2023, ukiitwa Namba 83. Seneti iliupitisha, ukafika Baraza la Wawakilishi, ukakwama. Spika wa wakati huo, Jason Stephens, naye Republican, hakuuleta ukumbini upigiwe kura hadi kipindi cha bunge kikaisha. Januari 2025 kiti cha uspika kilichukuliwa na Matt Huffman, aliyekuwa rais wa Seneti. Muswada ukarudi na namba mpya, Namba 1, namba ambayo uongozi wa Seneti huipa jambo unalolitaka kabla ya mengine yote. Safari hii haukuchukua hata miezi mitatu. Kilichokuwa kimebadilika katikati ni mtu anayepanga ratiba ya ukumbi, wala hakuna utafiti mpya uliokuwa umewageuza wabunge mawazo.

Februari 11 kamati ya Seneti ilisikiliza wapinzani. Mamia ya watu walikuwa wameandika ushahidi wa kuupinga, wanafunzi, wahadhiri, wazazi, na kikao kikaenda saa nyingi hadi usiku. Kesho yake Seneti nzima ikapiga kura: 21 waliunga mkono, 11 walipinga, na kati ya waliopinga wawili walikuwa Republican. Mtu aliyeendesha gari kutoka miji ya vyuo kama Athens au Bowling Green kwenda kusema maneno yake ya dakika chache mbele ya kamati alirudi nyumbani usiku, na kabla ya jua la pili kuzama kura ilikuwa imeshapigwa. Kamati inayotaka kusikiliza huacha nafasi kati ya kusikia na kuamua. Machi 19 Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 58 dhidi ya 34, Seneti ikakubali marekebisho wiki moja baadaye, na siku mbili baada ya hapo gavana akasaini.

Sheria hiyo ina mambo ya kila aina. Wajumbe wa bodi za wadhamini, wanaoteuliwa na gavana, walikuwa wanakaa miaka tisa. Sasa watakaa sita. Silabasi za kozi zinatakiwa ziwekwe mtandaoni kila mtu azione. Profesa mwenye ajira ya kudumu anaweza kufanyiwa tathmini upya, na ikienda vibaya akaipoteza ajira hiyo. Kuna orodha ya mambo yanayoitwa ya mabishano, ikiwemo sera ya tabianchi, uchaguzi, mambo ya nje, uhamiaji, ndoa na utoaji mimba, na chuo kinatakiwa kihakikishe wanafunzi wanafikia maoni yao wenyewe juu ya mambo hayo. Wazo hilo likisomwa peke yake halina ubaya. Mwalimu mzuri hamlishi mwanafunzi maoni. Shida inaanza pale mwalimu wa historia ya uhamiaji anapojua kuwa mwanafunzi mmoja aliyekasirika anaweza kufungua malalamiko, na kuwa chuo kimewekewa utaratibu wa kuyapokea. Mwalimu huyo ataanza kupima maneno, na anayepima maneno kupita kiasi hufundisha kidogo.

Kuna pia kozi ya lazima ya uraia. Lazima wanafunzi wasome Katiba ya Marekani, Tangazo la Uhuru, insha zisizopungua tano kati ya zile za watetezi wa katiba za miaka ya 1780, tangazo la Rais Lincoln la kuwaachia huru watumwa, hotuba yake ya Gettysburg, barua ya Martin Luther King Jr. kutoka jela ya Birmingham, na maandishi ya Adam Smith kuhusu soko huria. Nimeisoma orodha hiyo nikaona ni maandiko mazuri, ningependa kijana wangu ayasome. Ila ni mara chache bunge linashika kalamu na kumpangia profesa vitabu vya kozi yake, na bunge lililoanza kupanga mwaka huu halitaona haya kupanga tena mwaka kesho.

Kuhusu migomo, Ohio ina kumbukumbu mbichi. Januari 2019 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Wright State, karibu na Dayton, waligoma siku 20 kwa ajili ya bima ya afya na masharti ya kazi. Wanafunzi walikuta madarasa hayana walimu, au yana watu waliojazia nafasi tu. Wafuasi wa sheria wanasema mwanafunzi ameshalipa ada, kwa hiyo hatakiwi kuwekwa rehani katika ugomvi wa mwajiri na mwajiriwa. Hoja hiyo ina uzito na sitaipuuza. Mzazi yeyote aliyewahi kulipia muhula uliovurugika anaielewa. Lakini mgomo ukiondolewa, uongozi wa chuo unabaki na sababu ndogo ya kuharakisha mazungumzo.

Baada ya saini ya gavana, wahadhiri wachache wa Chuo Kikuu cha Youngstown State, kaskazini mashariki mwa jimbo, waliamua kuipeleka sheria kwa wananchi. Katiba ya Ohio inaruhusu. Mtu ana siku 90 za kukusanya saini za wapiga kura sawa na asilimia 6 ya kura zote za uchaguzi wa ugavana uliopita, na saini hizo lazima zitoke walau katika kaunti 44 kati ya 88. Safari hii zilihitajika zaidi ya 248,000. Zikipatikana, sheria inasimamishwa hadi wananchi wapige kura.

Kazi yenyewe haina wepesi. Kila kijitabu cha saini hubeba maneno yote ya sheria inayopingwa, kwa hiyo sheria ndefu huzaa kijitabu kinene. Saini hutiwa kwa wino. Kijitabu kimoja ni cha kaunti moja tu, na mwenye kukibeba lazima ashuhudie kila saini kwa macho yake kisha aape kwa maandishi kuwa ameshuhudia. Muda nao ulikuwa umeliwa na taratibu za kuidhinisha maandishi ya awali, hadi Mei ikafika ndipo walipoanza kukusanya. Wenyewe walikuwa watu wa kujitolea. Hawakuwa na fedha za kuajiri makampuni yanayolipwa kwa kazi hiyo, wakasimama masokoni, nje ya maktaba na kwenye maandamano na vijitabu vyao. Walipata saini zinazokaribia 195,000, wakashindwa.

Mwaka 2011 mambo yalikuwa tofauti. Bunge la Ohio lilikuwa limepitisha sheria ya kubana haki za majadiliano ya pamoja za watumishi wote wa umma, wakiwemo polisi na wazimamoto. Vyama vya wafanyakazi vikaleta saini karibu milioni 1.3, na Novemba mwaka huo wapiga kura wakaifuta kwa takriban asilimia 61. Polisi na mzimamoto wana ndugu katika kila mtaa. Profesa wa falsafa hana jeshi la namna hiyo, na waandishi wa Namba 1 bila shaka walilijua hilo. Hata hivyo watu 195,000 waliosimama njiani kusoma na kusaini kwa ajili ya vyuo vikuu si haba, tena bila shirika kubwa la kuwabeba.

Sasa turudi kwenye ile tano.

Chukua programu yenye wahitimu 5 mwaka wa kwanza, 6 wa pili na 3 wa tatu. Jumla ni 14, wastani ni chini ya tano, programu inaondoka. Mhitimu mmoja zaidi angeiokoa. Na huyo mmoja anaweza kuwa kijana aliyeahirisha muhula kwa sababu alikuwa anafanya kazi usiku kwenye ghala, au mama aliyejifungua Februari akamaliza Desemba badala ya Mei. Yupo, anasoma, atahitimu, ila ameangukia upande wa pili wa mstari. Katika programu kubwa yenye wahitimu 200, mtu mmoja hapunguzi wala haongezi chochote. Katika ndogo, mtu mmoja ndiye hukumu yenyewe.

Lililo baya zaidi ni kitu kinachohesabiwa. Mwanafunzi wa uuguzi anayesoma Kihispania mihula miwili ili aweze kuzungumza na wagonjwa wake hahesabiwi. Wa biashara anayesoma mantiki kwenye idara ya falsafa hahesabiwi. Darasa linaweza kujaa pomoni kila muhula, na idara ikaonekana tupu kwa sababu waliomo wanaandikwa shahada za idara nyingine. Wakati huohuo, jimbo lenyewe linajua thamani ya kozi moja moja: kwa zaidi ya miaka kumi sasa, ruzuku ya Ohio kwa vyuo vikuu vyake hugawanywa kwa kuangalia wanafunzi waliofaulu kozi pamoja na waliohitimu. Yaani yule muuguzi anayejifunza Kihispania anakiletea chuo fedha za jimbo kupitia dirisha moja, na kupitia dirisha la pili sheria ya jimbo hilohilo inamchukulia kama hayupo. Kama wabunge walitaka kujua somo gani linatumika, takwimu walikuwa nazo kwenye fomula yao ya fedha.

Matokeo hayakuchelewa. Aprili 2025 Chuo Kikuu cha Toledo kilitangaza kusimamisha programu tisa za shahada, zikiwemo Kihispania, falsafa, masomo ya dini, masomo ya watu weusi na masomo ya Mashariki ya Kati. Toledo ni mji ambao familia za Walebanoni na Wasyria zimeishi kwa vizazi, na nje kidogo ya mji, Perrysburg, kuna msikiti mkubwa unaoonekana kutoka barabara kuu. Chuo Kikuu cha Ohio kilichoko Athens, kikongwe kuliko vyote vya umma jimboni, kilichoanzishwa 1804, kilifanya hesabu yake kikaja na mpango wa kufuta programu 11 na kuunganisha nyingine 18. Nyingine chache kiliziombea msamaha.

Athens ni mji mdogo wenye vilima, na kwa miaka mingi umekuwa mmoja wa miji ya Marekani inayojulikana kwa masomo ya Afrika. Kiswahili kimefundishwa hapo, kama kinavyofundishwa Chuo Kikuu cha Ohio State, Columbus. Lugha hizi ziliingia kwenye vyuo vya Marekani kwa mlango wa sheria. Wasovieti waliporusha Sputnik Oktoba 1957, Washington ilishtuka, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower akasaini Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa. Ndani yake kulikuwa na fedha za kufundisha lugha ambazo Wamarekani wachache walizijua, na Kiswahili kikapata nafasi. Wabunge wa 1958 walijua vizuri kuwa lugha hizo hazitapata wanafunzi wengi. Uchache wa wanaozijua ndio uliokuwa sababu ya kuzigharamia. Miaka karibu 70 baadaye uchache huohuo umegeuzwa kosa.

Kwa kawaida Kiswahili hakina shahada yake katika vyuo hivi. Kinakaa chini ya programu ya masomo ya Afrika au idara ya isimu, na mwalimu wake mara nyingi ni mmoja, akisaidiwa na kijana kutoka Kenya au Tanzania aliyekwenda kwa mpango wa Fulbright wa walimu wa lugha. Kwa hiyo Kiswahili hakifutwi kwa jina. Programu inayokibeba ikianguka au ikimezwa na nyingine, kiti cha mwalimu kinabaki bila mtetezi, na bajeti inayofuata inamaliza kazi.

Wanaokaa kwenye madarasa hayo wamebadilika tangu 1958. Zamani walikuwa vijana wanaojiandaa kwenda kujitolea Afrika au kufanya utafiti. Hao bado wapo. Siku hizi kuna pia watoto wa familia za Wakongo waliopewa makazi Ohio, Dayton na miji mingine, ambao nyumbani husema Kiswahili tangu utotoni lakini hawajawahi kukiandika. Kijana wa namna hiyo husema "kitabu muzuri" kama wasemavyo wazazi wake kutoka mashariki ya Kongo, kisha hukutana ubaoni na "kitabu kizuri, vitabu vizuri", na mwalimu mwerevu huchukua vyote viwili na kumwonyesha kijana kuwa Kiswahili cha mama yake nacho kina kanuni zake. Kijana huyo pengine anasomea uhasibu au maabara. Atamaliza na shahada ya uhasibu, atakuwa mkalimani wa jamaa zake hospitalini na mahakamani, na kwenye hesabu ya wahitimu wa masomo ya Afrika atakuwa sifuri.

Ohio haiko peke yake, na jirani yake Indiana alikwenda mbali zaidi kwa kelele kidogo. Aprili 2025, siku za mwisho za kikao, bunge la Indiana liliingiza viwango vya wahitimu ndani ya muswada wa bajeti: 15 kwa shahada ya kwanza, 7 kwa uzamili, 3 kwa uzamivu, kwa wastani wa miaka mitatu. Muswada wa bajeti ni lazima upite, kwa hiyo kilichopakiwa humo hupita nao. Gavana Mike Braun akasaini Mei, na kabla ya Juni kuisha vyuo vya umma vilikuwa vimekubali kufuta, kusimamisha au kuunganisha programu zaidi ya 400. Indiana haina utaratibu wa wananchi kuikataa sheria kwa kukusanya saini, kwa hiyo hata lile jaribio la Youngstown lisingewezekana kule. Na katika Chuo Kikuu cha Indiana, Bloomington, ndiko kiliko kituo cha taifa cha nyenzo za lugha za Kiafrika, kinachosaidia walimu wa Kiswahili, Kiyoruba na Kizulu nchi nzima.

Watetezi wa viwango hivi wana hoja, na inastahili kusemwa kikamilifu. Fedha ni za walipakodi. Vijana wanaomaliza sekondari katika majimbo haya wanapungua. Vyuo vimeanzisha programu nyingi kwa miaka mingi na ni vigumu mno kwa chuo kufunga chochote kwa hiari yake, maana kila programu ina profesa, na kila profesa ana kura kwenye baraza la wanataaluma. Ohio ina vyuo vikuu vya umma 14, na si lazima vyote 14 vitoe shahada ya kila kitu. Nakubaliana na hayo yote. Bunge likidai kila chuo kieleze hadharani gharama ya kila programu, idadi ya wanaosoma kozi zake na mahali wanakokwenda baadaye, litakuwa linafanya kazi yake sawasawa.

Hata Chuo Kikuu cha Ohio State chenyewe kilizaliwa katika ubishi huu. Sheria ya Morrill ya 1862, iliyosainiwa na Lincoln, iliyapa majimbo ardhi, sehemu kubwa ikiwa imenyang'anywa wenyeji wa asili, ili yaiuze na kuanzisha vyuo vya kilimo na ufundi. Ohio ilianzisha chake 1870, na wadhamini wa kwanza wakabishana kama kifundishe kilimo na mashine peke yake au kiongeze lugha na sayansi za jamii. Upande wa mtaala mpana ulishinda. Mkulima wa Ohio wa wakati ule hakuwa tajiri kuliko mlipakodi wa leo, na jimbo lilikuwa limetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe miaka mitano tu nyuma.

Marekebisho yanayohitajika yanaweza kuandikwa kwenye aya moja. Wabunge wahesabu wanafunzi waliofaulu kozi za programu, kama fomula yao ya ruzuku inavyofanya, pamoja na wahitimu wake. Wapime kwa miaka sita badala ya mitatu, ili mihula miwili mibaya isiue kazi ya miaka 40. Waruhusu vyuo kugawana programu, Athens ikabeba lugha za Afrika kwa niaba ya jimbo zima na Toledo ikabeba Kiarabu, wanafunzi wa kwingine wakisoma kwa mtandao na kuhesabiwa wote pamoja. Na msamaha wa mkuu wa elimu ya juu utolewe kwa vigezo vilivyoandikwa, ili chuo kijue kinaomba kwa msingi gani na umma ujue kwa nini kimoja kilikubaliwa na kingine kikakataliwa.

Uchaguzi wa Novemba 2026 unagusa viti vyote 99 vya Baraza la Wawakilishi la Ohio, sehemu ya Seneti, na kiti cha ugavana ambacho DeWine haruhusiwi kukigombea tena. Wagombea watazunguka kwenye miji yenye vyuo, Athens, Kent, Oxford, Bowling Green, na wataulizwa kuhusu ada na ajira. Wakongo wa Dayton waliokwisha kupata uraia wamo kwenye daftari la wapiga kura kama wengine. Waulize na kuhusu ile tano: nani aliichagua, alipiga hesabu gani, na yuko tayari kuibadilisha katika kikao kipi.